Msumari wa Namba Saba

Katika klabu ile hakuna mchezaji aliyewahi kuambiwa kwa mdomo kwamba ameachwa. Hakuitwa ofisini wala hakuandikiwa barua. Siku ya mechi aliingia chumba cha kubadilishia nguo kama kawaida yake, akatazama ukutani, akakuta msumari wake mtupu. Misumari ilikuwa ishirini na miwili, imepigiliwa kwenye ubao mrefu, na juu ya kila mmoja namba imeandikwa kwa rangi nyeupe. Aliyekuta jezi alivaa. Aliyekuta msumari alibeba begi lake akatokea mlango wa nyuma, ule wa upande wa tangi la maji, asije akapishana na mashabiki. Viongozi waliuita utaratibu huo heshima. Wachezaji walikuwa na jina lao, na halifai kuandikwa.

Mtundika jezi aliitwa Sabuni. Alikuwa na miaka hamsini kasoro mitatu, mgongo ulionyooka, na vidole vilivyojikunja kwa maji kama vya mtu aliyesahauliwa kisimani. Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa: mashine mbili za kufulia, moja nzima na nyingine ya kubembelezwa, pasi, kamba, ndoo nne na kabati la chuma. Jezi nyekundu alizifua mbali na nguo nyingine, kwa maji baridi, kola akizisugua kwa mkono, na pasi hakuipitisha juu ya namba hata siku moja, maana namba huyeyuka ikanata. Alijua mambo ambayo wake wa wachezaji hawakuyajua: nani anatoka jasho kabla ya kukimbia, nani anafutia pua mkono wa kushoto, nani anavaa soksi moja ndani nje kwa kutafuta bahati.

Vijana wa sasa walidhani alizaliwa Sabuni. Wachache tu walijua kwamba miaka ishirini na miwili nyuma mtu huyo huyo aliitwa Upepo, akicheza winga ya kulia, na namba yake ilikuwa saba.

Upepo aliponzwa na baiskeli. Aliinunua kwa mtu wa pembeni ya soko, mtu mwenye maneno matamu na haraka nyingi, na wiki haikuisha kabla polisi hawajagonga mlango. Mahakama ikamtia hatiani kwa kupokea mali ya wizi, ikamwamuru afagie ua wa mahakama kila asubuhi kwa miezi mitatu. Akafagia. Akadhani yamekwisha. Jumamosi ya kwanza baada ya hukumu aliingia chumbani, akaona sita imetundikwa, nane imetundikwa, na katikati yake msumari unamkodolea macho. Mtunza jezi wa wakati huo, mzee ambaye sasa ni marehemu, alikuwa amempa mgongo, anakunja soksi. Upepo akakaa chini ya msumari mpaka wenzake walipotoka. Akasikia uwanja ukilipuka kwa shangwe. Kisha akapita mlango wa tangi la maji.

Miaka tisa alibeba saruji. Klabu ilipotafuta mfuaji, yeye akaomba, akapewa.

Sasa msumari wa saba ulikuwa wa Kiberiti. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mabao tisa tangu msimu uanze, na hasira zilizompatia jina lake. Jumanne moja mahakama ilimtia hatiani kwa kumvunja taya mlinzi wa maegesho ya magari. Kosa la mlinzi lilikuwa kumwambia asogeze gari. Akapewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja.

Sabuni aliisikia hukumu kwenye redio akiwa anasugua kola ya jezi ile ile. Akazima redio, akakausha mikono, akasimama katikati ya chumba. Furaha iliyompanda ilikuwa ya namna ambayo mtu mzima huionea haya, naye hakuona haya. Alihesabu siku. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, kisha msumari.

Jumatano ikaja habari kwamba kamati itakaa Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla ya mechi ya saa tano, ili kulijadili suala hilo kwa busara.

"Mimi walinikalia kikao?" alimwuliza mkewe jioni. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyeshona majina migongoni mwa jezi za klabu. "Nakuuliza. Walinikalia?"

"Hawakukaa." Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

"Hata dakika tano?"

"Hata moja. Unaniuliza hilo tangu tuoane, bwana, na jibu halijakua."

"Akinya kuku kanya, akinya bata kaharisha! Mimi baiskeli. Yeye taya la mtu."

"Na mwenye taya anakula nini?"

"Nani?"

"Huyo mlinzi."

"Anajua mwenyewe. Mimi nazungumzia klabu."

Mkewe akakata uzi kwa meno, akamtazama juu ya miwani. "Wewe una wivu."

"Wivu? Na mtoto wa juzi?"

"Wivu ni kama harufu ya mdomo, baba. Mwenyewe ndiye wa mwisho kuisikia."

Alikuwa nao, tena wa kutosha ukoo mzima. Aliona wivu Kiberiti alipovua jezi na kuiacha sakafuni kama ganda la ndizi. Aliona wivu kinyozi wa mtaa alipobandika picha yake ukutani. Siku mkewe alipompunguzia kijana huyo suruali, akasema ana adabu na anashukuru, Sabuni hakula vizuri. Lakini kijiba chenyewe cha roho kilikuwa kwingine, mahali ambapo hakumwonyesha mtu. Watu wa zamani walizoea kusema Kiberiti anakimbia kama Upepo. Sabuni alikuwa amemtazama misimu mitatu akiwa pembeni ya uwanja na ndoo zake, na alijua kwamba si kweli. Kiberiti alikimbia vizuri zaidi.

Alhamisi kijana alishuka mwenyewe chumba cha kufulia. Hakuwahi kushuka hata siku moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akageuza ndoo, akakaa juu yake. "Mzee, Jumamosi utanitundikia?"

"Mimi natundika karatasi inavyosema. Katibu hushuka nayo saa tatu."

"Basi ikisema usitundike, nakuomba, nitumie hata salamu. Nisije nikasimamishwa mbele ya ule ukuta watu wananitazama."

"Hapa hatutumi salamu."

"Kwa nini?"

"Waliokutangulia wote waliukuta ukuta."

"Na wewe ukiwatazama?"

"Mimi huwa nakunja soksi," Sabuni akajibu, na kabla neno halijapoa akakumbuka mgongo wa marehemu.

Kijana akaaga kwa heshima. Sabuni akarudi kwenye kola zake. Katika miaka yote ile halikumjia hata mara moja wazo kwamba mtu angeweza kuomba kuambiwa. Hata hilo Kiberiti alizaliwa nalo.

Ijumaa mwenyekiti wa klabu, mtu mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi na kicheko cha kukufanya ushike mfuko, alimwita ofisini.

"Sabuni bwana! Karibu, kaa, kaa."

Sabuni akakitazama kiti kwanza. Miaka kumi na mitatu ya kufua, hajawahi kuonyeshwa kiti mle ndani.

"Wajumbe wangu wamegawanyika," mwenyekiti akasema. "Saba wanataka afukuzwe, saba wanataka abaki. Watakusikiliza wewe. Kesho panda juu useme maneno mawili tu. Kwamba na wewe yalikukuta, klabu ikakupa nafasi ya pili, na leo uko nasi. Wewe ndiye mfano wetu."

"Mfano wa nini, mwenyekiti?"

"Wa kusamehe, bwana!"

Sabuni alirudi kwenye ndoo zake na kukuta soksi zimelowa kupita kiasi. Nafasi ya kwanza ilikuwa winga ya kulia. Nafasi ya pili ilikuwa hizi soksi. Na sasa walitaka aichukue fedheha yake, aifue, aipige pasi, ampelekee Kiberiti aivae.

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi alianza kutundika kabla ya karatasi, kama alivyofanya kila mara wiki ilipokuwa haina shaka. Moja ya kipa. Mbili, tatu, nne, tano. Sita akainyoosha mabega. Saba ilikuwa mkononi mwake, nyepesi, inanukia jua. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kabati la chuma, akafunga, akatundika nane.

Hakuwa na mpango mrefu. Wachezaji walikuwa wakifika saa tatu, na kikao huenda kikachelewa kidogo. Alitaka kijana apate saa moja tu ya msumari mtupu. Yeye alikuwa nao miaka ishirini na miwili. Mwenzake angeshindwa saa moja?

Akapanda juu.

Wajumbe kumi na wanne walikuwa wamekaa kuzunguka meza ndefu. Mwenyekiti akamtambulisha kwa mbwembwe. Sabuni akasimama, mikono nyuma, na maneno aliyotoa hayakuwa yale mawili aliyoagizwa.

"Ndugu wajumbe, mimi nilihukumiwa nikiwa mchezaji wa klabu hii. Sikuitwa. Sikuulizwa. Niliukuta msumari. Sasa kama sheria ni sheria, naomba iwe sheria kwa wote. Mchezaji akitiwa hatiani, atoke. Awe na miguu ya dhahabu, awe na ya mti. Nimemaliza."

Mwenyekiti akakohoa. Mama mmoja, kiongozi wa mashabiki, akainua mkono.

"Lakini baba, samahani. Wewe si ulimchoma mtu kisu?"

"Kisu?"

"Ndivyo tulivyosikia siku zote. Mimi hata watoto wangu niliwaambia wasikuchezee."

"Mimi nilisikia ni chupa," mwingine akasema.

"Ilikuwa baiskeli," Sabuni akasema.

"Ulimpiga mtu kwa baiskeli?"

Meza nzima ikacheka. Sabuni akangoja wamalize. "Nilinunua baiskeli. Kumbe ya wizi. Basi."

Kicheko kikakatika. Mama akageuza macho kwa mweka hazina, mwalimu mkuu mstaafu, mjumbe pekee aliyekuwapo enzi hizo. "Ni kweli, mwalimu? Baiskeli tu?"

"Ni kweli," mweka hazina akasema.

"Sasa mlimfukuzia nini?"

Lilikuwa swali la Sabuni, alilolitunza kama mtu anavyotunza hati ya kiwanja, na sasa limetoka kinywani mwa mtu mwingine. Akamtazama mzee yule. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa tai, akachukua muda wake.

"Mwanangu, nisikufiche. Wakati ule tulikuwa na mawinga watatu wa kulia. Ulikuwa mzuri. Lakini ulikuwa wa tatu. Ile kesi ilitupunguzia kazi ya kukwambia."

Nje mtu alikuwa akipuliza mpira kwa pampu, pumzi baada ya pumzi.

Mama wa mashabiki ndiye aliyefunga mjadala. Alikuwa miongoni mwa wale saba waliotaka kijana aondoke. "Mimi nabadili," akasema. "Kama tulimtupa mtu mzima kwa sababu ya baiskeli, tulikosa. Tusikose mara ya pili. Kijana abaki." Mwingine akabadili naye. Kura zikawa tisa kwa tano, na Kiberiti akaokolewa kwa baiskeli ya Sabuni.

Sabuni akashuka ngazi. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimya. Chini ya msumari wa saba, juu ya benchi, fulana ya mazoezi ya Kiberiti ilikuwa imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, na ufunguo wa kisanduku chake umewekwa katikati. Kijana ambaye hakuwahi kukunja kitu maishani mwake. Alikuwa amefika mapema, akaona, akaondoka.

"Mzee, kwani Kiberiti kaachwa?" nahodha aliuliza alipoingia.

Simu ya Kiberiti ikapigwa, haikupatikana. Kocha alimfuata Sabuni mpaka chumba cha kufulia, na nyuma yake mwenyekiti, bila kicheko.

"Nani kakwambia usitundike?"

"Karatasi ilikuwa haijashuka," Sabuni akasema.

Ilikuwa kweli, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Hawakuwa na la kumfanya. Jezi ya saba ikatolewa kabatini, akapewa winga wa akiba, mtu mpole ambaye Sabuni alijua kwamba hutoka jasho kabla ya kukimbia. Winga wa akiba akafunga mawili. Klabu ikashinda matatu kwa bila.

Jumatatu mwenyekiti aliwaambia waandishi wa habari kwamba klabu hiyo ina misingi, na kwamba haiwezi kumvumilia mchezaji aliyetiwa hatiani kwa kosa la jinai, hata awe nani. Akataja vijana wanaotuangalia. Akataja jamii. Kisha akateremka chini ya jukwaa, akampiga Sabuni begani.

"Saba ya Kiberiti basi tena. Mzee, wewe uliona mbele kuliko sisi."

Sabuni akakubali kwa kichwa. Jumamosi asubuhi taya la mlinzi lilikuwa limevunjika, na Jumatatu lilikuwa limevunjika vile vile. Kilichobadilika katikati ni kwamba amepatikana winga mwingine. Alipomaliza kuanika akamwambia mkewe anakwenda kwa Kiberiti kuomba radhi. Mguu mmoja ulikwenda kwa sababu hiyo. Wa pili ulikwenda kuona.

"Kwake si unapita nyuma ya maegesho?" mkewe akasema. "Nyumba ya yule mlinzi iko pale pale, yenye mlango wa bluu. Mpelekee hii." Akamtilia ndani ya begi chupa ya chai iliyojaa supu, iliyochujwa isibaki hata nyama ya kutafuna.

Kiberiti hakuwa amelala akitazama dari, kama Sabuni alivyomchora njia nzima. Alikuwa anapanga viatu kwenye sanduku, anapiga mluzi.

"Shikamoo, mzee! Karibu ndani."

"Marahaba. Sikai." Sabuni akashika fremu ya mlango. "Nimekuja kukwambia neno moja. Siku ile kikao kilikuwa hakijaamua. Msumari niliuacha mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Wewe ndiye uliyeniambia karatasi inashuka saa tatu. Mimi nilifika saa mbili na robo." Kiberiti akacheka, kicheko kisicho na sumu, na hicho ndicho kilichoudhi. "Mzee, kuna klabu walikuwa wananipigia tangu Jumatano. Shida ilikuwa mkataba, ulinibana mwaka mzima. Nikaona msumari mtupu. Nikaupiga picha."

"Picha ya msumari?"

"Mji mzima unajua hapa msumari mtupu ni kuachwa. Nikawatumia. Wakasema basi, umeachwa, uko huru, njoo. Ule ndio barua yangu, mzee. Umenisaidia kuliko baba yangu."

"Na hiyo hukumu? Hawakuuliza?"

"Waliuliza hali ya goti langu tu." Akafunga sanduku. "Ile fulana niliikunja kwa heshima yako. Uliiona?"

"Niliiona."

"Nilikunja vizuri?"

"Vizuri," Sabuni akasema, na ilikuwa kweli.

Akarudi kwa njia ile ile, haraka, macho chini. Hata kufukuzwa, kumbe, mwenzake alifukuzwa vizuri kuliko yeye. Yeye alikaa chini ya msumari ule mpaka shangwe zikamkuta. Kijana alitoa simu. Na klabu iliyomchukua ilikuwa na uwanja wenye taa, na mfuaji wao, walisema watu, alikuwa na mashine sita, zote nzima.

Alivua viatu mlangoni, akakaa. Mkewe alikuwa anaondoa jina mgongoni mwa jezi ya saba, herufi moja moja, kwa ncha ya mkasi.

"Umemkuta?"

"Anahama. Kapata kubwa zaidi."

"Na mlinzi anaendeleaje?"

"Mlinzi gani?"

Mkewe akaweka mkasi chini. Akalivuta begi, akaitoa chupa, akaipima mkononi. Ilikuwa imejaa kama ilivyotoka. Sabuni alikuwa amepita mbele ya mlango wa bluu mara mbili, kwenda na kurudi.

"Bado ina moto," mkewe akasema, akamrudishia.

Sabuni akavaa viatu tena. Akatembea na chupa ameikumbatia kifuani, joto lake likipenya shati. Alikuwa amekaribia kona ya maegesho alipogundua kwamba anajiuliza swali: wakati ule wa baiskeli, kuna mtu hata mmoja aliyemletea supu?